Jinsi ya kutuliza akili kwa Tekken, ile gemu ya kupigana, hata kama kibanda cha PS kina kelele

Ukitaka kujua nani atashindwa kabla hata raundi iishe, angalia macho yake. Wengi kwa vibanda vya PS hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, wanaangalia karakta wao wenyewe, wanajiangalia wakipiga, na hiyo ndiyo tabia ya kwanza ya kuacha leo. Wewe unajua umebonyeza nini, ni vidole vyako, sasa unajiangalia ya nini? Macho yakae kwa mpinzani, hapo kwa kifua na mabega, juu kila pigo, kila mshiko na kila teke linaanza na mwili kusogea kabla mkono ama mguu ufike.

Tupige hesabu kidogo, juu hapa watu wanadanganyana sana ati flani anashinda kwa sababu ana mikono nyepesi. Gemu inaenda fremu 60 kwa sekunde, fremu ni picha moja ya skrini, kwa hivyo fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Jab, ile ngumi fupi ya haraka, ya karakta wengi inatoka kwa fremu 10, hiyo ni kama milisekunde 167. Na mtu, kutoka jicho lione hadi kidole kibonyeze, anahitaji kama milisekunde 200 hadi 250, yaani fremu 12 hadi 15, na hapo hatujahesabu vile TV nayo inachelewesha picha. Kwa hivyo hakuna mtu Kondele, Nairobi wala Tokyo anaona jab ikitoka ndio aamue kuizuia, amekuwa amezuia tayari. Ukielewa hiyo, presha inapungua sana, juu unaacha kujilaumu kwa vitu ambazo hakuna binadamu anaziona, unabaki na kazi moja, kuchagua mapema unangoja nini.

Na Tekken inakusaidia kuchagua. Ukisimama bila kubonyeza kitu karakta wako anazuia mapigo ya juu na ya katikati mwenyewe. Sasa macho yako yako huru kungoja kile kitu kinaonekana, na kile kitu kinaonekana ni mateke ya chini yale yanachelewa. Chukua lile fagio, teke la chini la kufagia miguu, la karakta anaitwa Bryan, wanaliita Snake Edge. Linachukua fremu zaidi ya 25 kufika, mtu wa kawaida kabisa analiona, na ukilizuia Bryan anabaki wazi unamuinua juu na kombo yako yote, yaani mapigo ya mfululizo. Lakini kila siku unaona watu wanafagiwa nalo mara tatu kwa raundi moja, na si ati hawana macho, akili ilikuwa imeenda kutafuta kombo.

Fanya hivi. Ingia modi ya mazoezi, rekodi Bryan afanye vitu viwili, hilo fagio na pigo moja la katikati, halafu weka yatoke bila mpangilio. Simama tu, usipige chochote. Ukiona mwili wake unashuka unainama na kuzuia chini, ukiona kitu kingine chochote unabaki wima. Dakika kumi zinatosha, ukizidisha unaanza kubahatisha. Ukishazoea ongeza kitu cha tatu, kwa mfano mshiko, na utaona kitu cha ajabu, lile fagio ulikuwa unalishika vizuri linaanza kukupita tena. Hakuna kitu kimeharibika. Kichwa kina nafasi ndogo ya vitu vya kungoja kwa wakati mmoja, ukiongeza kimoja kingine kinachelewa, na kila mchezaji mzuri anaishi ndani ya hiyo mipaka. Ndio maana kabla ya raundi chagua kitu kimoja, viwili ukiwa umezoea sana, na hivyo vingine uamue tu kwamba vikikupata vimekupata.

Kwa mishiko, kama unacheza na mtu anatumia King, karakta wa mieleka, hapo ndio mabega na mikono inalipa. Mikono yote miwili ikija mbele pamoja unabonyeza mraba na pembetatu kwa pamoja ndio ujinasue. Mkono mmoja ukitangulia unajibu na kitufe cha upande huo, kushoto mraba, kulia pembetatu. Mara ya kwanza utachanganyikiwa kabisa, ni sawa, macho yanajifunza pole pole.

Sasa kelele. Kibanda si maktaba, kuna wasee sita nyuma yako kila mmoja anakufundisha, spika ya ohangla hapo mlangoni, na makanga wanaitia Maseno, Luanda, Busia hadi unaskia ndani ya kichwa. Wengi wanapigana na hiyo kelele, wanakunja uso, wanaambia watu wanyamaze, na huko kupigana nayo ndiko kunakula akili. Mimi naamini ni bora kuizoea kwa makusudi. Kabla ya zamu yako ifike, badala ya kushika simu, kaa chini dakika tano usikilize tu. Skia makanga, skia pikipiki, skia padi zikibonyezwa, usiamue ni mbaya ama nzuri. Halafu rudi kwa pumzi yako, vile inaingia puani na vile inatoka. Mawazo yataenda, yataenda kwa deni ya duka, kwa mtu amekusoma hajajibu, ni kawaida ya mawazo. Ukigundua yameenda, yarudishe bila kujigombesha. Hapo pa kugundua ndipo mazoezi yenyewe yako, juu ndicho kitu kile kile utahitaji katikati ya raundi ya tano ukianza kuwaza watu watasema nini ukishindwa.

Kati ya raundi na raundi kuna sekunde chache na watu wanazitupa. Zitumie hivi: legeza padi, wengi wanaishika kama inataka kutoroka na vidole vinakuwa vizito, shusha mabega, toa pumzi ndefu kuliko ile umevuta, juu kutoa pumzi pole pole kunapunguza mapigo ya moyo. Halafu jiulize swali moja peke yake. Anafanya nini akiamka kutoka chini? Ama, nikimzuia anabonyeza ama anangoja? Ukiwa na swali, raundi inayofuata macho yana kazi, hayazururi. Na jibu likija mapema, kwa mfano umeona akizuiwa lazima abonyeze, badilisha swali raundi ijayo.

Kuna mechi ya 2004 huko California, ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ambayo watu bado wanaiongelea, Daigo Umehara akitumia karakta Ken dhidi ya Justin Wong akitumia Chun-Li, kwa gemu nyingine ya kupigana, Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo alikuwa amebaki na maisha kidogo sana, hata kuzuia kawaida kungemuua, Wong akaachilia mateke 15 na Daigo akayapangua yote moja moja akisukuma mbele kwa wakati wake, halafu akamaliza mechi. Watu wanaona kasi. Lakini lile teke la kwanza huwezi lijibu ukilingoja ulione, lazima uwe umelitarajia, na yeye alikuwa amesimama pale akijua Wong anataka kumaliza na nini. Alikuwa anangoja kitu kimoja. Na kama unafikiri hii ni ya Wajapani na Wamarekani tu, Arslan Ash, mchezaji wa Tekken, alitoka Lahore, Pakistan, akachukua Evo Japan na Evo ya Las Vegas mwaka mmoja, 2019, na mchezo wake wa kusubiri na kuadhibu makosa ndio uliwachanganya wote.

Dalili za kujua akili imeondoka: unabonyeza hata ukiwa umezuiwa, unarudia kombo ile ile mahali haifiki, na hii kubwa zaidi, hukumbuki maisha yako yameisha vipi. Baada ya kila mechi jaribu kusema kwa mdomo, hata polepole, umepigwa na nini mwisho. Kama huwezi, basi mechi hiyo vidole vilicheza peke yao. Ukishindwa kusema mara mbili mfululizo, pisha mwenzako hata kama bado una zamu, kunywa maji, toka nje kidogo upate upepo. Hasira ya ile moja tu ya mwisho imemaliza pesa ya watu wengi kwa hizi vibanda na hakuna kitu imewafunza.

Onlaini ni hivyo hivyo, ila huko hakuna mtu wa kukuambia upishe kwa hivyo amua kabla ya kuanza utacheza mechi ngapi, na hiyo namba uiheshimu hata kama rangi ya renki imebaki kidogo tu.

Siku ya mashindano fika mapema na kitambaa cha mikono, juu joto la Kisumu la saa nane linafanya vidole viteleze na ukianza kuwaza vidole umeacha kuwaza mpinzani. Usile ugali mzito dakika chache kabla ya kupanda. Na kabla ya mechi ya kwanza muulize mwenye TV kwa heshima kama iko kwa modi ya gemu, kama haiko aiweke, hiyo peke yake inaweza kukurudishia fremu kadhaa.