Namna ya Kuipima Habari ya Usalama wa Bahari Kabla ya Kuifikisha Barazani

Mwezi Machi 2021, wapiganaji walipouvamia mji wa Palma kaskazini mwa Msumbiji, vyombo vya habari vya nje viliandika kwamba maelfu ya watu wanakimbilia Pemba, wengi wao kwa boti. Aliyeisoma habari hiyo kijuujuu akiwa Chake Chake, au ndugu yake aliyeko Maskati, alikuwa na kila sababu ya kushtuka. Pemba iliyotajwa, hata hivyo, si kisiwa chetu bali ni mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado, ambao zama za Wareno uliitwa Porto Amélia. Kati ya mji huo na kisiwa chetu pana zaidi ya kilomita 800.

Ninauanza mwongozo huu kwa mfano huo kwa sababu sisi watu wa visiwani tunaishi kwa bahari, na karibu kila msukosuko wa usalama wa zama hizi, uwe wa Somalia, wa Yemen au wa Msumbiji, hutufikia kwa njia ya bahari. Hutufikia pia kwa simu, tena mapema kuliko ukweli wake. Ninawaandikia wale ambao neno lao husikilizwa: mwalimu wa skuli, sheha, mkuu wa diko, mwenye duka ambaye wateja humuuliza kwa nini bei imepanda.

Anza na ramani, hata iwe ile ya kitabu cha jiografia cha darasani. Jambo ambalo manahodha wanalijua na wengi wetu tumelisahau ni kwamba digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Kwa hiyo ukiweka uzi au rula kati ya mahali palipotajwa na kisiwa chako, kisha ukaulinganisha urefu huo na mizani ya latitudo iliyo ubavuni mwa ramani, utapata umbali bila ya chombo kingine chochote. Usitumie mizani ya chini au ya juu, kwa sababu digrii za longitudo hupungua upana kadiri unavyoiacha Ikweta.

Jaribu zoezi hilo kwa tukio la kweli. Tarehe 12 Machi 2024, meli ya Bangladesh iitwayo Abdullah, iliyokuwa imepakia makaa ya mawe Maputo ikielekea Falme za Kiarabu, ilitekwa na Wasomali wenye silaha ikiwa karibu maili 600 mashariki ya Mogadishu. Ilikaa mikononi mwao kwa mwezi mmoja hadi ilipoachiwa pamoja na mabaharia wake 23. Ukipima utaona kwamba utekaji huo ulifanyika kiasi cha maili 1,000 kutoka Pemba. Umbali huo unamtosha mvuvi wa Msuka au Nungwi asiogope kwenda kutega, ingawa hautoshi kusema kwamba jambo hilo halituhusu, maana njia ya meli zinazopanda kutoka kusini mwa Afrika kwenda Ghuba inapita katika bahari yetu hii hii.

Halafu tazama msimu. Hapa wazee wetu wana elimu ambayo mchambuzi wa mjini hana. Watekaji wa Kisomali hutumia vijiboti vidogo vya mashine, na vijiboti hivyo havistahimili bahari ya kusi inapokuwa imechafuka, hasa kuanzia Juni hadi Septemba. Hatari huongezeka wakati wa maleleji, bahari inapotulia. Ukipokea habari ya utekaji wa meli ukiwa katikati ya kusi kali, uliza mara mbili kabla ya kuamini. Inawezekana ni kweli, lakini pia inawezekana ni habari ya mwaka mwingine iliyofufuliwa.

Hatua inayofuata ni ya maneno, na ninaiona kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Watu huita kila uhalifu wa baharini uharamia. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, uharamia ni ukatili au uporaji unaofanywa kwa manufaa binafsi, na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, nje ya bahari ya ndani ya nchi yoyote. Bahari yetu ya ndani inaishia maili 12 kutoka pwani. Mtu aliyeibiwa mashine ya boti kwa kutishwa kwa panga karibu na Kojani ameporwa kwa nguvu, na shauri lake ni la polisi na mahakama zetu. Mharamia, kinyume chake, anaweza kukamatwa na manowari ya taifa lolote, na ndiyo maana Jeshi la Wanamaji la India liliweza kuikomboa meli ya Ruen, iliyokuwa imetekwa na Wasomali, mwezi Machi 2024. Mashambulizi ya Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, ambao wameyafungamanisha na vita vya Gaza, hayaingii kirahisi katika fasili hiyo. Neno likikosewa, hata anayestahili kupewa taarifa hukosewa.

Sasa tufike dukani, mahali ambapo mazungumzo mengi huanzia. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi waliiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na baadaye wakaanza kuzirushia nyingine makombora, hata makampuni makubwa ya meli yakaacha kupita Mlangobahari wa Bab el-Mandeb na Mfereji wa Suez, yakazungukia Rasi ya Tumaini Jema kwa safari iliyoongezeka siku 10 au zaidi. Tangu hapo kila bei iliyopanda huku kwetu imewahi kusingiziwa Bahari ya Shamu. Mwenye duka makini anapaswa kuifuata kila bidhaa kwa njia yake. Mchele wa Pakistan au India unavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja na hauna haja ya kulikaribia Bab el-Mandeb. Kilichoubana zaidi mchele wakati ule ni uamuzi wa India wa Julai 2023 kuzuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, zuio lililoondolewa Septemba 2024. Ngano inayotoka Bahari Nyeusi ni habari nyingine kabisa. Njia yake fupi ya kuja Afrika Mashariki ni Suez na Bab el-Mandeb, na meli inayoikwepa njia hiyo italazimika kutokea Gibraltar na kulizunguka bara zima. Kwa hiyo anayesema boflo limepanda kwa sababu ya Wahouthi ana hoja ya kusikilizwa, lakini anayesema hivyo kuhusu mchele inabidi aeleze zaidi, pengine kwa kutaja nauli za makontena na bima ambazo hupanda kwa wote. Mafuta yatokayo Ghuba hupita Mlangobahari wa Hormuz, kwa hiyo habari za Iran ndizo zinazoyagusa kwanza.

Fanya vivyo hivyo kwa mtandao wa intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilididimia Tanzania nzima, na wapo waliosema nchi imeshambuliwa. Sababu ilikuwa ni kukatika kwa nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, katika eneo la pwani kati ya Afrika Kusini na Msumbiji. Nyaya nyingi zaidi duniani hukatwa na nanga na nyavu kuliko zinavyokatwa na maadui.

Ukisoma kuhusu majeshi, uliza daima ni jeshi la nani na limetumwa na nani. Mwaka 2021 Msumbiji ilipokea askari wa aina mbili: wa Rwanda, waliokwenda kwa makubaliano ya nchi mbili, na wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambao Tanzania ilichangia. Kikosi cha SADC kilimaliza kazi yake Julai 2024, Rwanda ikabaki. Ujumbe unaosema kwamba majeshi ya kigeni yameondoka Cabo Delgado ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo inamtia wasiwasi bure mwenye mwana au mume aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, huko kusini. Tusijidanganye, lakini, kwamba ni vita vya mbali: Oktoba 2020 wapiganaji waliuvuka Mto Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Mtoto wa Pemba, Dkt. Salim Ahmed Salim, alipokuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndipo umoja huo ulipounda, mwaka 1993, chombo chake cha kuzuia na kusuluhisha migogoro. Ningependa vijana wetu waanzie hapo wanapojifunza kwa nini jirani huingia katika vita vya jirani.

Inabaki hatua ya kufanya. Ikiwa ujumbe hauna tarehe, mahali wala chanzo, usiusambaze, ukikumbuka pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inamwadhibu anayechapisha habari za uongo akijua kuwa ni za uongo na kwa nia ya kupotosha. Ikiwa ni jambo uliloliona mwenyewe baharini, usilianzie katika kundi la simu. Usikikaribie chombo hicho na usikipige picha kwa taa. Andika saa, aina na rangi ya chombo, jina au namba kama inasomeka, idadi ya watu, shehena inayoonekana, na kinakoelekea. Mahali paandike kwa kipimo cha setilaiti kama simu yako inacho, au kwa miamba na minara unayoifahamu. Ukifika pwani mpe taarifa mkuu wa diko au sheha, na kupitia kwao polisi au KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo. Ukiwa na dharura piga 112. Dar es Salaam pana kituo cha kupashana habari za usalama wa bahari kilichotokana na Kanuni za Djibouti za kupambana na uharamia za mwaka 2009, ambazo Tanzania imezitia saini. Karatasi uliyoiandika ihifadhi, kwa sababu huenda ukaitwa baada ya siku kadhaa kueleza upya, na kumbukumbu ya mtu aliyekesha baharini huchanganya saa.