Bando isiishe Mariakani na safari ndo kwanza inaanza

Nduguzangu, kila msimu wa safari watu wananiletea simu mezani, fundi simu hii ina shida, nimepanda basi Mwembe Tayari hata Voi sijafika bando imekwisha na sikufungua kitu. Na ni kweli hawakufungua kitu, zinazokula ni apu zinazofanya kazi kwa nyuma, skrini imezimwa lakini picha zinapandishwa, apu zinajiapdeti, video za magrupu zinashuka. Haya yafanye nyumbani kabla hujabeba begi.

Kwanza mjue mwizi. Ingia Setingi, mtandao, halafu matumizi ya data, utaziona apu zimepangwa kuanzia mlaji mkubwa, bonyeza moja utaona imekula ngapi ukiitumia na ngapi ikiwa kwa nyuma.

Pili, hapo hapo washa Data Saver, ile ya kuzuia apu kula data kwa nyuma. Lakini usiiwache hivyo tu! WhatsApp nayo yaweza kubanwa, mtu anayekuja kukupokea stendi akuandikie na meseji ichelewe mpaka uifungue, kwa hivyo ingia kwenye orodha ya apu za kuruhusiwa uiruhusu WhatsApp na ile ya teksi, zingine zikae. Wenye iPhone washeni Low Data Mode.

Tatu ni WhatsApp yenyewe. Kwenye setingi zake, upande wa storage na data, toa tiki zote za kushusha picha, sauti, video na mafaili ukiwa kwa data ya simu. Mtu uko kwenye grupu la arusi, la mtaa, la madrasa, la darasa la watoto, kila mtu anatupia video na zote zinashuka kwako hata hujaziangalia, hapo ndo bando nyingi zinapokwenda. Bakapu yake na ya Google Photos ziweke kwa Wi-Fi pekee, Play Store vilevile.

Sasa hili la hotspot, watu hawaambiwi na linaniuma sana. Mwenzako wa siti ya pili akikupa hotspot, simu yako yaweza kudhani ni Wi-Fi ya nyumbani, basi zile apdeti na bakapu ulizoziambia zingoje Wi-Fi zote zinaamka pamoja zinamla mwenzio bando. Bonyeza jina la hiyo hotspot kwenye Wi-Fi uichague kuwa metered, yaani mtandao wa kupimiwa kama bando, zitatulia.

Ramani ya unakokwenda ishushe mapema kwa Google Maps. Na M-Pesa ya kwenye laini haitaki data, waweza kuzima data kabisa na Mtito Andei ukalipa chakula chako.

Anayekwenda Tanga azime roaming, yaani kutumia mtandao wa nchi nyingine, kabla ya kufika Lunga Lunga, maana karibu na mpaka simu yaweza kushika mtandao wa upande wa pili yenyewe na wewe bado uko Kenya.