Mtoto wa pili baada ya kupasuliwa: uzae kawaida au urudi thieta?

Somo hili ni la mama aliyepasuliwa mara moja tu, sasa ana mimba ya pili, mtoto ni mmoja na kichwa kimeelekea chini. Waliopasuliwa mara mbili na wenye mapacha wana hesabu zao, wasizichukue hizi. Anza kuulizia kliniki ya kwanza kabisa, na kufikia wiki ya 36 uamuzi uwe umeandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Uchungu ukishakushika si wakati wa kuanza kusimulia historia.

Hatua ya 1: Tafuta karatasi ya upasuaji ule

Kovu unaloliona kwenye ngozi halisemi lolote kuhusu kovu la kizazi. Unaweza kuwa na mstari mlalo juu ya kinena, na huko ndani ulikatwa wima. Kwa hiyo tafuta dischaji ya wakati ule, yaani karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, au afadhali zaidi, maandishi ya thieta. Herufi unazozitafuta ni LSCS: maana yake kizazi kilikatwa kwa mlalo sehemu ya chini, penye nyama nyembamba isiyovutwa sana uchungu unapobana. Kovu la namna hii ndilo linaloruhusu kujaribu kuzaa kawaida.

Ukikuta neno "classical", yaani mkato wa wima sehemu ya juu ya kizazi, au imeandikwa kwamba mkato ulikuwa wa umbo la T au J, habari ya kujaribu imeishia hapo. Kovu la wima sehemu ya juu linaweza kufumuka kwa akina mama 2 hadi 9 katika kila 100, tena pengine kabla uchungu haujaanza. Vilevile kwa aliyewahi kufumuka kizazi. Aliyetolewa uvimbe wa kizazi kwa mkato wa kina naye amuulize daktari kabla ya kupanga lolote.

Karatasi imepotea? Nenda ofisi ya rekodi ya hospitali iliyokupasua ukiwa na kitambulisho, tarehe ya upasuaji na namba ya faili kama unayo. Nenda mimba ikiwa changa, maana faili za zamani huchukua muda kupatikana.

Hatua ya 2: Soma sababu iliyoandikwa

Kwa jumla, katika akina mama 100 wenye kovu moja la mlalo wanaojaribu, 72 hadi 75 huzaa kawaida. Sababu ya mara ya kwanza hubadilisha hesabu. Kama mtoto alitanguliza matako, waliofaulu ni kama 84 katika 100. Kama mtoto alichoka, yaani mapigo ya moyo yalibadilika, ni kama 73. Kama uchungu ulikwama, ni kama 64. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja, kabla au baada ya kupasuliwa, hufika 85 hadi 90.

Neno la kuchunguza ni CPD, ile mnayoambiwa "njia ni ndogo". Linaandikwa kwa wepesi mno. Mara nyingi kichwa cha mtoto kilikuwa kimekaa vibaya, uso ukielekea mbele, au uchungu wenyewe ulikuwa dhaifu. Mtoto mwingine akija amekaa vizuri hupita nyonga hiyohiyo. Uliza mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita ngapi. Aliyekwama kwenye 8 au 9 ana nafasi nzuri kuliko aliyekwama kwenye 4.

Vinavyopunguza nafasi ni uzito mkubwa wa mama, umri wa zaidi ya miaka 40, mtoto wa zaidi ya kilo 4, na uchungu wa kuanzishwa kwa dawa.

Hatua ya 3: Hesabu miezi

Hesabu kutoka siku ya upasuaji hadi tarehe unayotarajia kujifungua, si hadi siku uliyoshika mimba. Ikiwa chini ya miezi 18, hatari ya kovu kufumuka inapanda. Miezi 24 na zaidi ndiyo tunayoipenda.

Hatua ya 4: Weka hatari zote mbili mezani

Ukijaribu kuzaa kawaida, hofu kubwa ni kovu kufumuka. Kwa kovu moja la mlalo na uchungu ulioanza wenyewe, hutokea kwa mama 1 katika 200. Ni nadra, lakini likitokea mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache na mama huvuja damu tumboni bila damu nyingi kuonekana nje. Kuna na hili: ukijaribu kisha ukashindwa, upasuaji wa dharura baada ya saa nyingi za uchungu huleta maambukizi zaidi kuliko ule uliopangwa.

Ukirudi thieta kwa mpango, hatari hiyo ya kufumuka inapungua sana, na deni linahamia mimba zijazo. Kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishika ndani ya kovu na kukataa kutoka. Kwa mama ambaye kondo limefunika mlango wa kizazi, uwezekano huo ni kama 11 katika 100 akiwa na kovu moja, 40 akiwa na mawili, 61 akiwa na matatu. Hapo watu hupoteza damu lita kadhaa na wengine hutolewa kizazi. Kwa hiyo swali la kwanza tunalomuuliza mama ni idadi ya watoto anaotaka. Anayetaka wawili na basi, upasuaji wa pili si mzigo mkubwa kwake. Anayetaka wanne, na nyumba nyingi za huku wanne si wengi, ana sababu nzito ya kujaribu sasa, akiwa bado na kovu moja.

Hatua ya 5: Kagua hospitali

Hapa ndipo uamuzi mwingi unapopatikana kwa kweli. Mama mwenye kovu hajaribu kuzaa kwenye zahanati wala kituo cha afya kisicho na thieta, hata kama mkunga wa pale ana mikono ya dhahabu. Nenda mwenyewe, au mtume mume, muulize wodi ya uzazi:

- Saa nane usiku wa Jumapili, thieta inafunguliwa? Baada ya dakika ngapi?
- Mtu wa ganzi analala hospitalini au anapigiwa simu nyumbani?
- Damu ya kundi langu ipo, au inafuatwa mji mwingine?
- Mapigo ya mtoto yanafuatwa vipi? Mashine ya mfululizo ndiyo bora. Pasipo nayo, muuguzi asikilize kila dakika 15, na kila dakika 5 ukianza kusukuma.

Jibu likiwa "daktari atapigiwa", elewa maana yake. Hospitali kubwa za rufaa, kama ile ya Nakuru wengi wanayoiita PGH mpaka leo, Jaramogi ya Kisumu maarufu kama Russia, au ile ya Kakamega, zina thieta na wataalamu. Hata hivyo uliza, maana wodi ikijaa mkunga mmoja hugawanywa kwa akina mama wengi. Mbali na hospitali kwa zaidi ya nusu saa? Tafuta pa kulala karibu kuanzia wiki ya 38, kwa shangazi au rafiki. Mtu wa Kuresoi au Nyakach asitegemee bodaboda ya usiku.

Suala la pesa: tangu Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, imechukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani. Hakikisha usajili na michango viko sawa, na kwamba hospitali uliyoichagua inaipokea, kabla ya wiki ya 36.

Hatua ya 6: Picha na damu

Picha ya wiki ya 20 ionyeshe kondo limekaa wapi. Likiwa chini, rudia kwenye wiki ya 32. Kondo lililo chini, mbele, juu ya kovu, si la hospitali ndogo hata kidogo.

Pima damu mapema. Hemoglobini ikiwa chini ya 11 (gramu kwa desilita) una upungufu wa damu, na katika nyumba za kuzunguka Ziwa Victoria malaria huongeza shida hiyo. Meza vidonge vya madini ya chuma vya kliniki kila siku, usivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Lala ndani ya neti na uchukue dozi za kuzuia malaria kliniki kama kaunti yako inazitoa.

Hatua ya 7: Andika mpango wa pili

Kijitabuni kuwe na majibu matatu: uchungu usipokuja hadi wiki ya 41 tutafanya nini, chupa ikipasuka bila uchungu tutasubiri saa ngapi, na uchungu ukikwama nani anaamua. Kama umechagua thieta, tarehe iwe wiki ya 39. Kuvuta nyuma hadi wiki ya 37 kwa sababu ya ratiba ya mtu huzaa watoto wanaohema kwa shida.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Nenda uchungu ukianza kuja kwa mpangilio, usingoje ukolee. Neno la kwanza mlangoni: "Nina kovu." Utawekewa njia ya dripu na kuchukuliwa damu ya kulinganisha. Usikubali mtu yeyote akukandamize tumbo kwa mikono ili mtoto atoke.

Ita mtu mara moja ukiona haya: maumivu ya kovu yasiyoachia hata uchungu ukipoa, damu mbichi ukeni, mkojo wenye damu, uchungu kukatika ghafla, maumivu kwenye ncha ya bega, au kichwa cha mtoto kilichokuwa kimeshuka kurudi juu. Dalili inayotangulia mara nyingi ni mapigo ya mtoto kushuka chini ya 110, na hiyo huwezi kuihisi mwenyewe. Ndiyo sababu tulisisitiza kusikiliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Njoro: Habari zenu. Wa kwanza alikuwa kilo 3.9, nikafika sentimita 8 nikakwama, wakaandika CPD. Sista wa kliniki anasema mimi ni mfupi nisijisumbue. Nina nafasi kweli?

*Jibu:* Dada, unayo. Ufupi peke yake si kipimo, na 8 ni mbali. Pima sukari kati ya wiki ya 24 na 28, maana sukari ndiyo hukuza mtoto kupita kiasi. Picha ikisema kilo 4 usishtuke papo hapo, inaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 juu au chini. Lakini mtoto akiwa mkubwa kuliko wa kwanza na kichwa hakijashuka wiki ya 40, sisi tungechagua thieta.

Baba wa Ahero: Mke wangu alipasuliwa Machi mwaka jana, anatarajia Juni mwaka huu. Anataka kujaribu. Mvua ikinyesha barabara yetu inajaa maji.

*Jibu:* Mzee, hiyo ni miezi 15, na juu yake una barabara inayofungwa. Kila jambo lingezungumzika peke yake. Yakikutana, panga upasuaji wiki ya 39, na mama awe Kisumu mjini wiki moja kabla. Baada ya hapo zungumzeni habari ya kupanga uzazi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama wa Kakamega: Karatasi zilipotea tukihama. Kovu langu la ngozi ni la wima, na mtoto alitolewa wiki ya 28.

*Jibu:* Kovu la ngozi lisikutishe. Kinachotutia wasiwasi ni hizo wiki 28: sehemu ya chini ya kizazi ilikuwa haijatanuka vya kutosha, na hapo daktari wakati mwingine hulazimika kukata wima. Bila maandishi ya thieta, usijaribu. Mwambie daktari sasa, maana kwa kovu la wima tarehe huwekwa kabla ya wiki ya 39.

Mama wa Naivasha: Niko wiki ya 41, sina uchungu. Nimeambiwa kuna kidonge cha kuweka chini ya ulimi, nitazaa leoleo.

*Jibu:* Usikiweke, mama. Kidonge hicho, misoprostoli, hakitumiwi kuanzisha uchungu kwa mwenye kovu na mtoto aliyetimia. Hubana kizazi kwa nguvu isiyoweza kurudishwa nyuma. Nenda hospitali yenye thieta leo. Wanaweza kutumia mrija wenye puto la maji kufungua mlango wa kizazi. Dripu ya kuongeza uchungu nayo hupandisha hatari mara 2 hadi 3, kwa hiyo ni ya daktari aliye karibu. Ikishindikana, upasuaji.

Mama wa Kisumu: Natumia ARV, virusi havionekani kwenye kipimo. Lazima nipasuliwe?

*Jibu:* La. Virusi vikiwa vimefubazwa, HIV yenyewe si sababu ya kisu. Amua kwa kovu lako kama wengine, na uwe na kipimo cha karibuni mkononi.

Mama wa Bondo: Mama mkwe ameniletea manyasi ya kulegeza njia. Siwezi kumkatalia waziwazi.

*Jibu:* Mpokee kwa mikono miwili, umshukuru, usinywe. Baadhi ya mitishamba ya uzazi hubana kizazi, na hakuna ajuaye kipimo chake kwenye kikombe. Mpe kazi nyingine: awe ndiye wa kubaki na mtoto mkubwa ukienda hospitali.

Mama wa Molo: Nimepangiwa thieta wiki ya 39. Je, uchungu ukinishika wiki ya 38?

*Jibu:* Acha kula papo hapo, shika kijitabu, nenda bila kungoja tarehe. Mlangoni sema una kovu na ulikuwa umepangiwa upasuaji, na useme ulikula mwisho saa ngapi. Mtu wa ganzi atahitaji kujua. Ukikutwa umefungua sana na mtoto yuko salama, wanaweza kukuuliza kama unataka kuendelea kawaida. Una haki ya kukubali au kukataa, kwa hiyo jibu hilo lifikirie wiki hii ukiwa umetulia nyumbani.