Kutoka Kitandani Hadi Chooni: Kumkinga Mzee Asianguke Nyumbani

Ukitaka kumkinga mzee asianguke, anza na safari moja tu: kutoka kitandani hadi chooni, saa nane za usiku, stima imepotea. Itembee njia hiyo mwenyewe gizani kabla hujanunua chochote. Utakachojikwaa nacho ndicho cha kuondoa kwanza. Katika nyumba nyingi za Mombasa huwa ni mitungi ya maji ya lita 20 iliyopangwa ukumbini, pindo la busati lililojikunja, au waya wa feni uliokatiza njia.

Mzee akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zifike chini bila kuning'inia. Samadari, kile kitanda cha zamani cha mbao, huwa juu mno, na hakuna atakayekubali miguu ya kitanda hicho ipigwe msumeno, basi badilisha godoro: la inchi sita badala ya kumi. Akiamka akae dakika moja au mbili huku akichezesha vifundo vya miguu, ndipo asimame. Mtu akiinuka ghafla presha hushuka, hasa kama anatumia dawa za presha. Ile ya kukojoza ikimezwa jioni humwamsha usiku kucha, kwa hiyo mwulizeni daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Msiihamishe wenyewe. Taa ya kuchaji inayojiwasha stima ikikatika iwekwe ukumbini, na nyingine chooni.

Dera nalo lina makosa yake. Pindo linalofagia sakafu hukanyagwa ngazini, na likilowa hunata miguuni. Likatwe liishie juu kidogo ya kifundo. Ndara zilizolika soli zitupwe, na mitalawanda, vile viatu vya mbao, isivaliwe kwenye vigae. Kinachofaa ni kiatu chenye soli ya mpira na mkanda nyuma ya kisigino.

Chooni ndiko kwenye kazi kubwa. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu, kwa hivyo watu huongeza sabuni, nayo huganda sakafuni ikawa utando usioonekana mpaka ulowe. Sugua kwa brashi na siki mara mbili kwa wiki, kisha suuza sana. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini. Mvuke wake ni sumu.

Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, urefu wa sentimita 43 hadi 48, miguu iwe na vifuniko vya mpira. Wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki ili kuokoa pesa. Kiti hicho kikishakatwa hupoteza nguvu, miguu hutanuka kwenye vigae vilivyolowa, na siku moja hupasuka mtu akiwa amekikalia.

Bomba la kushikia liwe nene kiasi cha sentimita 3 na nusu, liachane na ukuta kwa nafasi ya kupitisha vidole, na liwe la chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari hula skrubu za kawaida. Kimo chake mpime mzee mwenyewe: asimame wima mikono ikining'inia, bomba likae usawa wa kifundo cha mkono. Reli ya taulo si bomba la kushikia, ingawa kila mtu huishika.

Nyumba za Mji wa Kale zina shida ya peke yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na skrubu fupi hushika plasta tu, ikang'oka na kipande chake. Fundi achimbe mpaka afike kwenye jiwe lenyewe, au apitishe bolti ng'ambo ya pili ya ukuta na kuibana kwa bamba la chuma. Kabla mzee hajaligusa bomba, mtu mzima mwenye uzito aliegemee na kulivuta kwa nguvu zake zote. Plasta ikidondosha unga, kazi irudiwe.

Reli ya ngazi ipite daraja la mwisho kwa sentimita 30, kwani wengi huanguka hapo, wakidhani wamefika chini. Ikiwa pesa zinatosha upande mmoja tu, uwe ule wa mkono wenye nguvu wakati wa kushuka. Ukingo wa kila daraja upakwe mstari mweupe au wa manjano wa sentimita 5, rangi ichanganywe na mchanga laini. Usichote mchanga wa ufuoni: chumvi yake huibambua rangi.

Mzee anayeishi peke yake apangiwe jirani wawili, si jengo zima. Kazi ya wote huwa si ya mtu. Mmoja abishe hodi asubuhi, mwingine baada ya magharibi, na mmoja wao awe na ufunguo wa akiba. Kuanzia Februari hadi Aprili, joto likizidi, waongeze hodi ya mchana na kuangalia kama anakunywa maji. Wazee wengi huyapunguza makusudi ili wasiende chooni, kisha kizunguzungu kikawaangusha.

Akianguka, msimwinue kwa makwapa. Mwulizeni kwanza panapouma. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: asisogezwe, asipewe chakula wala kinywaji. Aliyegonga kichwa naye anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda apelekwe hospitali hata kama anacheka na kusema hajambo. Nambari za dharura ni 999 na 112. Ambulensi haiingii vichochoroni, hivyo amueni leo itasimama wapi, kwa mfano barabara ya Ndia Kuu, na nani atatoka mbio kuipokea na kuwaongoza wahudumu hadi mlangoni.