Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Stand Watie

Wengi wanaoandika habari za Stand Watie huanzia tarehe 23 Juni 1865, pale Doaksville katika nchi ya Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, alipokuwa jenerali wa mwisho wa majimbo ya Kusini kuweka silaha chini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ukianzia hapo, msomaji hataelewa kwa nini Mcherokee, mtu wa taifa jingine la wenyeji hao, aliyezaliwa mwaka 1806 katika ardhi ambayo jimbo la Kusini la Georgia liliinyakua baadaye alikubali kupigana upande mmoja na Georgia hiyohiyo. Mhimili wa wasifu uwe Mkataba wa New Echota wa mwaka 1835, wa kuiuzia serikali ya Marekani nchi ya Wacherokee na kuhamia magharibi, ambao Watie alikuwa miongoni mwa waliotia saini.

Kabla ya kuugusa mkataba, eleza ukoo: Major Ridge alikuwa ndugu wa baba yake, John Ridge mwana wa Major Ridge, na Elias Boudinot, mhariri wa kwanza wa gazeti la Cherokee Phoenix, kaka yake Watie. Kundi lao liliona kwamba, Georgia ikiwa imeipuuza hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1832 kwamba sheria zake hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, hapakuwa na namna ya kubaki. Chifu mkuu John Ross, akiungwa mkono na walio wengi, alishikilia kwamba watu wachache hawana mamlaka ya kuuza nchi ya wote kwa dola milioni 5. Zipe hoja zote mbili nafasi ya kutosha, kisha utaje kwamba katika uhamisho wa kulazimishwa wa kwenda magharibi, mwaka 1838 na 1839, inakadiriwa Wacherokee 4,000 walikufa.

Tarehe 22 Juni 1839 ndiyo ya kuandikwa polepole. Watu walimwendea Boudinot huko Park Hill, katika nchi mpya ya magharibi, wakiomba dawa, naye alipofuatana nao wakamuua kwa visu na mashoka. Major Ridge na mwanawe waliuawa siku hiyohiyo, na Watie akanusurika. Usiishie kuwaita wauaji wahalifu, maana wao walijiona wanatekeleza sheria dhidi ya wauza ardhi, sheria ambayo Major Ridge mwenyewe aliwahi kuiunga mkono.

Vita vyenyewe havihitaji kurasa nyingi. Meli ya J. R. Williams, ya jeshi la Kaskazini, ambayo Watie aliiteka Juni 1864, inatosha kuonyesha hali ya jeshi lake, kwa kuwa askari wengi walibeba shehena waliyoiweza wakaenda zao makwao. Usifiche kwamba Watie alimiliki watumwa. Kuliacha hilo ni kuandika sifa, si wasifu.

Malizia na kesi ya tumbaku. Yeye na mpwa wake, Elias C. Boudinot, walitegemea mkataba wa 1866 kati ya Wacherokee na Marekani ili kiwanda chao cha tumbaku kisitozwe kodi, lakini mwaka 1871 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya Bunge iliyotungwa baadaye inaushinda mkataba. Watie alifariki Septemba mwaka huohuo.