Umeitajia kampuni ya bima rimu zako? Bado hujamaliza

Ndugu zangu mnaoendesha Uingereza, kukata bima ya gari huku ni kazi ya jioni moja. Unajaza namba ya gari mtandaoni, muda uliokaa na leseni na mahali gari linapolala, unalipa kwa kadi, basi. Hata stika ya kubandika kiooni hakuna. Balaa liko kwenye vitu ambavyo gari halikutoka navyo kiwandani: rimu, muziki, ekzosi, tinti, ndoano ya kuvutia trela.

Mimi vyangu nilivitaja. Nilipiga simu, dada mmoja mpole akaniambia ameshaandika rimu kwenye mkataba, ada ikapanda, nikalipa. Baadaye, asubuhi moja, nikakuta gari limekalia matofali. Kampuni haikubisha. Ilikubali dai, ikanipa pole, kisha ikanilipa bei ya rimu za kawaida za kiwandani. Nilipong'aka wakanionyesha mstari uliojificha katikati ya kijitabu cha mkataba: kifaa cha kuongezwa kikiibwa au kuharibika, watafidia kwa thamani ya kile cha kawaida cha mtengenezaji.

Hapo ndipo mtego ulipo, na naomba muusome mara mbili. Kampuni kukubali kulikatia bima gari lenye rimu hizo ni jambo moja. Kuzikatia bima rimu zenyewe ni jambo jingine kabisa. Ile ada iliyopanda ilikuwa ya hatari, kwa kuwa gari lililopambwa huvuta wezi. Yaani nililipa zaidi kwa sababu ya rimu, na rimu zenyewe hazikuwa na bima.

Kwa hiyo ukipiga simu usiishie kusema "nina kifaa fulani". Uliza hivi: kikiibwa au kuharibika, mtalipa hiki chenyewe au cha kiwandani? Kisha omba wakujibu kwa barua pepe. Kwa barua pepe, narudia. Muziki nao uulize peke yake, maana mikataba mingi ina kikomo chake kidogo kwa redio na spika zisizo za kiwandani. Kijitabu kisome mapema: una siku 14 za mwanzo za kujitoa, ingawa wanaweza kukukata kiasi cha siku ulizotumia na gharama za ofisi.

Waingereza ni watu wa adabu, na adabu yao inatupoteza sisi tuliozoea kusoma uso wa mtu. Nyumbani wakala akikulegezea sauti unajua mambo yako yanakwenda. Huku atakuita kwa jina lako la kwanza, atakuombea radhi mara tano, na bado atakunyima. Wala si unafiki. Aliyepokea simu siye anayeamua dai. Nimekuja kuuheshimu utaratibu huo, ila bado unaniudhi.

Sasa nyie wa kwenye magrupu mnaoshauriana "usiseme, watakupandishia". Binamu zangu, nawapenda, lakini acheni. Sheria ya mwaka 2012 ya taarifa za mteja kwenye bima inatofautisha uzembe na udanganyifu. Ukionekana ulizembea kujibu, na wangekukatia kwa ada kubwa zaidi, wanaruhusiwa kupunguza fidia kwa uwiano: ulilipa pauni 600 badala ya 900, basi dai la pauni 6,000 linakuwa 4,000. Wakithibitisha ulidanganya makusudi, wanaweza kuufuta mkataba, wasikulipe dai, na ada wabaki nayo. Halafu kila kampuni utakayoiendea itakuuliza kama umewahi kufutiwa bima. Jibu hilo utalilipia miaka.

Na aliyenunua gari mkononi mwa mtu asiseme "mimi sijabadilisha kitu". Fomu nyingi zinauliza kama gari limebadilishwa, haziulizi nani alibadilisha. Tovuti nyingine zimeshajijazia kwamba halijaguswa, na wewe unabonyeza kukubali tu. Zunguka gari na fundi kabla ya kubonyeza. Cheti cha MOT hakikusaidii hapa, hicho ni cha usalama wa gari barabarani.

Ukishaumia, usigombane kwenye simu. Andika malalamiko rasmi, na uombe rekodi ya mazungumzo yenu. Ni haki yako chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa, bure, na kwa kawaida wana mwezi mmoja kukupa. Rekodi yangu ndiyo iliyoniokoa kidogo. Yule dada alisikika akisema rimu "zimo", na kampuni ikaniongezea sehemu ya pesa, si zote. Risiti na picha za kifaa kikiwa kwenye gari viweke tayari, bila hivyo unabishana mikono mitupu.

Wakikaa wiki nane bila jibu la mwisho, au wakikujibu na usiridhike, nenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha na bima. Hawatozi mteja kitu, na ukikubali uamuzi wao kampuni inafungwa nao. Ila una miezi sita tu tangu tarehe ya barua ya jibu la mwisho, kwa hiyo barua hiyo usiitupe kwenye droo na bili za gesi. Na mkataba ukihuishwa mwakani, uliza lile swali upya, hata kama kampuni ni ileile, kwa sababu kijitabu huwa kinabadilishwa.