Jinsi ya kuomba kazi ya profesa wa hesabu za biolojia na ekolojia Marekani ukiwa Lubumbashi

Cheo kinachotangazwa sana ni cha profesa msaidizi. Usikichanganye na asistanti wa kwetu. Asistanti wa Kongo bado anaitafuta doktora; profesa msaidizi wa kule lazima awe nayo siku anapoanza kazi, na kwa kawaida baada ya miaka kama 6 hupimwa ili apewe ajira ya kudumu. Kama wewe ni CT (chef de travaux), eleza kwa mstari mmoja kwenye CV kwamba hiyo ni ngazi iliyo juu ya asistanti na chini ya profesa. Neno hilo likiachwa peke yake, msomaji wa kule hapati kitu.

Matangazo huanza kutoka Agosti na Septemba, na mengi hufungwa kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Desemba. Kwa hiyo dosye inaanza Julai.

Fungua akaunti kwenye MathJobs, mtandao wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Mwombaji halipi kitu. Anayekuomba hela ya «kufungua dosye» ni mwizi. Fomu itakuuliza namba ya fani yako. Hesabu za biolojia ziko chini ya 92: 92D25 ni mabadiliko ya idadi ya viumbe, 92D30 magonjwa ya kuambukiza, 92D40 ekolojia. Wengi huandika 34, namba ya milinganyo tofautishi, kwa kuwa ndiyo zana yao ya kila siku, na dosye inawaangukia watu wanaotafuta mtu mwingine kabisa. Chagua namba inayofanana na makala zako. Nafasi za idara za biolojia mara nyingi hazimo MathJobs. Zinakaa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na huko unajaza upya kila kitu.

Jina ni jambo dogo linaloangusha watu. Fomu ina nafasi mbili tu, sisi tuna jina, postnomu na prenomu. Amua mapema lipi ni la ukoo, kisha lifuate lilivyo kwenye pasipoti, hadi kwenye makala na barua. Pointi nazo: kwetu 70% ni distinksyo na 80% ni grande distinksyo, lakini Mmarekani akiona 70% anadhani ulikuwa mwanafunzi dhaifu. Weka maelezo ya ngazi hizo chini ya CV.

Barua za mapendekezo huwa 3 za utafiti, na idara ya hesabu mara nyingi huongeza ya 4 juu ya ufundishaji. Hazipiti mikononi mwako. Unaandika jina na imeili ya profesa, mtandao unamtumia kiungo, naye anapakia mwenyewe. Hapo ndipo dosye nyingi nzuri hufia: ujumbe umeingia kwenye taka za imeili, profesa hajui, nawe unadhani ameshatuma. Mpe wiki 6, mpigie simu siku kiungo kinapotumwa, kisha ingia kwenye akaunti uone kama barua imefika. Barua ya ufundishaji iombe kwa aliyekuona darasani, na iseme idadi ya wanafunzi. Aliyefundisha takwimu auditoire ya watu 400 ana jambo ambalo wengi kule hawajawahi kulifanya.

Maelezo ya utafiti, kurasa 3 hadi 5, ndiyo moyo wa dosye, kwa sababu yatasomwa na nyumba mbili: wanahisabati na wanaekolojia. Ukianza na «tunathibitisha uthabiti wa mfumo wenye ucheleweshaji», nyumba ya pili imeshafunga mlango. Anza na swali. Misitu ya miombo ya kandokando ya Lubumbashi inakatwa kwa ajili ya makala ya kupikia, yaani mkaa. Je, shamba lililokatwa lipumzike miaka mingapi kabla ya kukatwa tena? Kila mkazi wa mji anaelewa swali hilo, na mwanaekolojia pia. Ndipo ulete modeli ya miti kwa rika: visiki vinachipuka kwa kasi gani, miche mingapi inafia kwenye moto wa kiangazi. Sema wazi ni namba zipi ulipima porini na zipi umekisia. Mwanahisabati atakuheshimu kwa uthibitisho, mwanaekolojia kwa ukweli huo. Maelezo ya ufundishaji yana kurasa 1 au 2, yatoshe.

Mwisho wa kutuma ukiwa saa 6 usiku ya New York, kwetu ni saa 12 asubuhi yake mwezi Oktoba, na saa 1 asubuhi baada ya wao kurudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba. Usiingojee asubuhi hiyo, umeme unaweza kukatika. Tuma siku 3 kabla, kwa PDF nyepesi. Diploma iliyopigwa picha kwa uzito mkubwa ndiyo inayokwama kwenye intaneti ya simu.

Wakikupenda, kwanza ni mazungumzo ya video ya dakika 20 au 30, kisha ziara ya siku 1 au 2 chuoni, yenye mhadhara wa karibu saa nzima. Mahojiano ya viza hufanyika ubalozini Kinshasa, kwa hiyo pasipoti iwe tayari kabla ya kutuma ombi la kwanza, na siku ya kualikwa uulize papo hapo kama ziara inaweza kufanywa kwa video.